Sahani ya Mtakatifu Agata

Watu wengine wakikutana nawe njiani huuliza habari za nyumbani, za kazi, za watoto. Katekista wetu aliuliza habari za somo.

"Felista, somo wako hajambo?"

"Hajambo, Katekista. Shikamoo."

"Marahaba. Umejuaje kama hajambo? Mmeongea lini?"

Hapo unabaki unakuna kichwa, yeye anacheka na kuendelea na safari yake, mwavuli kwapani, raba zake nyeupe zikikwepa madimbwi ya Temeke kwa ustadi wa miaka mingi. Kwa asiyejua, kwetu Wakatoliki somo ni mtakatifu ambaye mtu amebatizwa kwa jina lake. Wa kwangu ni Felista, mtumwa wa Kartago, huko Afrika ya kaskazini, aliyejifungua gerezani na muda mfupi baadaye akaingizwa uwanjani auawe mbele ya watu, pamoja na bibi mmoja wa ukoo mkubwa aitwaye Perpetua. Nimeijua habari hiyo kabla sijajua kusoma. Katekista alivyoisimulia, ungedhani ilitokea Mtoni wiki iliyopita na yeye alikuwa amepita kununua mchicha.

Jina alikuwa nalo, la ubatizo na la ukoo, ila sikumbuki kulisikia likitumika. Alikuwa Katekista kwa paroko, Katekista kwa wauza genge, Katekista hata kwa Bi Salma wa dukani, mama wa Kiislamu ambaye babu zake walikuja kutoka Omani na kuuza unga mtaani kwetu tangu nyumba zikiwa za makuti. Nataka kueleza alivyokuwa mama huyu, aliyetufundisha watu wasioogopa kufa, na jinsi woga wake mwenyewe ulivyokaribia kutunyang'anya yeye.

Darasa lake lilikuwa kwenye kibanda cha mabati nyuma ya kanisa. Jua likiwaka tulikuwa tunaiva. Yeye hakujali. Alitusimamisha mmoja mmoja, kila mtoto aseme habari za somo wake, na asiyejua alirudishwa nyumbani kumuuliza mzazi, mzazi naye akikosa jibu alikuwa na kazi Jumapili. Lusia alieleza habari za macho yaliyong'olewa. Stefano alieleza habari za mawe. Tulikuwa na Laurenti, mtoto mnene mwenye haraka, ambaye somo wake alichomwa juu ya wavu wa chuma. Alipokua, Laurenti akafungua biashara ya mishikaki Tandika, na Katekista alikuwa mteja wake wa kwanza kila Jumamosi jioni. "Somo wako alichomwa, wewe unachoma," alimwambia, akichagua mshikaki wenye mafuta. "Usije ukachanganya habari siku ya hukumu."

Simba wa Warumi walipata shida sana mdomoni mwake. Alikuwa mpenzi wa mpira, wa upande wa njano na kijani, na kila mtu Dar es Salaam anajua mtu wa upande huo ana maneno gani na simba. Akifika pale ambapo milango ya uwanja inafunguliwa na wanyama wanatoka, sauti ilibadilika. Alimwita simba mvivu, mwoga, mnyama wa kubebwa, asiyeweza chochote mpaka alegezewe. Wavulana wa upande wa pili walinung'unika, akawaambia hii ni historia ya Kanisa, asiyeitaka atoke. Nilikuwa mtu mzima ndipo nikaja kujua kwamba maneno mengi aliyomtupia yule simba hayamo katika kitabu chochote.

Kuimba hakujua, lakini aliimba kuliko wote. Kwaya nzima ikishika njia moja, yeye alipita njia yake na kutungoja mwisho wa ubeti. Alipenda karanga za kukaanga na aliziweka katika mfuko ule ule wa rozari, kwa hiyo akitoa rozari kuanza sala, zilianguka karanga mbili tatu, na sisi watoto tuliziona kuwa sehemu ya ibada.

Kuna kijana mmoja mlokole alihamia mtaani, kijana mzuri tu, mwenye spika. Siku moja alimsimamisha Katekista mbele ya duka la Bi Salma, akamwambia nyie mnaabudu picha na watu waliokufa. Katekista aliweka mwavuli chini.

"Mama yako yupo, mwanangu?"

"Alishafariki."

"Pole. Picha yake unayo?"

"Ipo ukutani."

"Ikianguka unafanyaje? Unairuka?"

"Naiokota, naifuta."

"Mie ukiniamkia shikamoo, umeniabudu?"

Yule kijana akacheka. Katekista akamwambia basi, nasi ndivyo tulivyo na wakubwa zetu wa imani. Tunawaamkia, tunawaeleza shida zetu, tunawaomba watuombee, maana wao wako karibu na mwenye nyumba. Kumwabudu ni Mungu peke yake. Bi Salma akasema kwamba kwa shikamoo hiyo soda ni juu yake, wakanywa wote watatu. Alitukataza kabisa kufanya biashara na watakatifu, eti nipe hiki nami nitakupa kile. Lakini mpwa wake, aliyekuwa akiishi naye, alipofanya mtihani wa kidato cha nne, mimi kwa masikio yangu nilimsikia Katekista jikoni kwake, wiki ya zamu yao, akigombana na picha. "Agata, miaka yote nakupangusa vumbi mie. Miaka yote! Wewe umenifanyia nini?" Mpwa akafaulu, na picha ikapata fremu mpya.

Picha yenyewe ilikuwa ya Mtakatifu Agata, somo wa jumuiya yetu. Jumuiya ni nyumba chache za jirani zinazokutana kusali, na yetu ilikutana kila Jumamosi asubuhi, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Agata naye alihama pamoja nasi. Katekista alimfunga kwenye khanga, akambeba kifuani mpaka nyumba ya zamu, akapanda juu ya stuli, akainua mikono yote miwili na kumtundika mwenyewe. Hakuruhusu mtu mwingine. Agata akakaa hapo wiki nzima akiangalia familia ikila, ikigombana na kulala. Nyumba nyingi zilikuwa za kupanga, vyumba huku na huku, wapangaji wa dini zote, na hakuna aliyelalamika.

Alikuwa mwanamke mwenye vazi jekundu. Mkono mmoja umeshika tawi la mtende. Mkono wa pili umeshika sahani, na juu ya sahani kuna vitu viwili vya mviringo, vyeupe, vimeinuka kidogo katikati.

Yalikuwa maandazi. Hivyo ndivyo tulivyojua wote. Nusu ya kina mama wa jumuiya, mama yangu akiwemo, walisomesha watoto kwa maandazi ya asubuhi, na kuwa na somo mwenye sahani ya maandazi kulionekana ni jambo la kupangwa mbinguni. Basi kila mwaka, mwanzoni mwa Februari, ilipofika sikukuu yake, kina mama walijumuika uani, wakakanda unga wa Bi Salma, wakakaanga ya duara kama yale ya pichani, na sisi watoto tukagawa kila mlango, mawili mawili. Aliye Mkristo alipata, aliye Mwislamu alipata, aliyetutukana jana naye alipata. Mwaka ambao sikukuu iliangukia Ramadhani, tulingoja adhana ya magharibi, na nakumbuka nikisimama mlangoni kwa Bi Salma na sahani yangu, harufu ya hiliki ikinitesa mimi niliyekuwa nimeshiba. Nikikaa leo na kutafuta furaha ilikuwa wapi utotoni mwangu, namkuta hapo hapo mlangoni yule mtoto na sahani yake.

Habari ya Agata tuliisikia mara nyingi, ila ilikuwa na shimo katikati. Msichana wa Katania, liwali wa Kirumi akamtaka, akakataa. Liwali akakasirika, akamfunga. "Akateswa," alisema Katekista, akameza mate, na hapo hapo tukawa mazikoni. Kwa Laurenti tulipewa mpaka joto la makaa. Kwa Agata tuliambiwa neno moja tu. Nilipokuwa najiandaa kwa kipaimara, nimeshaanza kuwa msichana, nilibaki darasani wenzangu walipotoka, nikauliza yale maandazi aliyapata wapi gerezani.

Katekista alicheka mpaka akaketi. Kisha akafunga mlango wa bati na kuniambia, akiangalia sakafu, kwamba hayakuwa maandazi. Hakulitaja jina la kitu chenyewe. Aligusa kifua chake mwenyewe, upande mmoja, halafu wa pili, kisha akafanya kiganja kama kisu.

Siku mbili sikugusa andazi.

"Usiwaambie kina mama," aliniambia. "Wanakaanga kwa furaha. Nikiwaambia, nani ataweza kukaanga tena?"

Akanieleza ilivyoanza. Nilikuwa mdogo sana, mimi mwenyewe, nikaonyesha kidole kwenye picha mbele ya jumuiya nzima na kuuliza kile ni nini. Yeye, mwanamke ambaye hakuolewa, aliyelelewa na masista, akatokwa jasho. Akaangalia dari. Mama yangu ndiye aliyesema, "Maandazi hayo, mwanangu." Katekista akashusha pumzi, akasema ndiyo. Tangu siku hiyo alibeba siri ili asiwavunje moyo, na tangu kipaimara changu nikawa naibeba pamoja naye. Tulikuwa tukiangaliana wakati wa kugawa, nami nilijiona mkubwa.

Sasa niseme habari ya woga. Mama huyu aliyetusimulia vyuma vya moto bila kupepesa jicho aliogopa sindano kuliko mtu mzima yeyote niliyewahi kumwona. Mwaka mmoja walikuja wauguzi ukumbini kuchanja kina mama pepopunda. Katekista ndiye aliyepanga foleni. Ndiye aliyewatia moyo, akiwatajia Agnesi, Sesilia, Felista, wasichana wadogo walioelekea upanga huku wakiimba. Zamu yake ilipofika, pale kwenye kiti palikuwa na mwavuli tu. Walimkuta dukani kwa Bi Salma anakunywa soda.

"Nilikumbuka nina mgonjwa wa kumtembelea," akasema.

"Mgonjwa gani?"

"Bi Salma."

Bi Salma, mzima kama chuma, alianza kukohoa hapo hapo.

Tulicheka miaka. Tuliacha kucheka Jumamosi moja, nikiwa nimeshaolewa nami nina zamu ya kumpokea Agata. Katekista alifungua khanga, akapanda kwenye stuli, mkono wa kulia ukaenda juu. Wa kushoto ulifika begani ukagoma. Akashuka, akanipa picha. "Tundika wewe," akasema. Sikuwahi kuguswa na hofu kama ile. Wengine walipoondoka nilimshika, nikamwuliza. Alinijibu kwa mkono, vile vile kama darasani, ila safari hii aligusa upande mmoja tu.

Uvimbe ulikuwapo tangu mvua za masika zilizopita. Alikuwa akiupaka mafuta ya baraka na kumwambia Agata kila usiku. Nilimwomba twende hospitali kesho yake. Nilimwomba kwa kupiga magoti, nililia. Alinifuta machozi, akanieleza kwa utulivu kwamba gerezani Agata alijiwa na mzee mwenye dawa akazikataa, na baadaye akajua kuwa mzee yule alikuwa Petro mwenyewe, na kwamba aliponywa bila dawa. Mtu akijua habari nyingi za watakatifu ana mahali pengi pa kujificha.

Sikusema kwa mtu. Haikuhitajika, kwa sababu kina mama wana macho. Sikukuu ilipofika tulikuwa uani kwetu, karai limejaa mafuta, Bi Salma kwenye mkeka na kikombe chake cha chai kama kawaida, Agata ametundikwa kwenye nguzo ya banda. Katekista alikuwa amekaa pembeni, mkono wa kushoto mapajani. Mama yangu aliweka upawa chini.

"Katekista, mkono una nini?"

"Uzee, mama Felista."

"Unyanyue."

Hakunyanyua.

"Si mkono huo," mama akasema. "Ni titi."

Katika miaka yote ya jumuiya neno hilo halikuwahi kusemwa mbele ya Katekista. Aliinamisha uso kama amepigwa kofi. Akasema polepole kwamba Agata ataomba, Agata mwenyewe alikataa dawa.

"Alikataa dawa yakiwa yashakatwa!" mama alisema, akaonyesha picha kwa kidole chenye unga. "Si hayo hapo kwenye sahani? Yeye alikatwa na mtu mbaya, kwa ubaya. Wewe unakatwa na daktari ili upone, unakimbia!"

"Kwenye sahani kuna maandazi," Katekista akasema. Lilimtoka tu, kwa mazoea.

Kina mama wakaangaliana. Mmoja alianza kucheka, akajiziba mdomo na khanga.

"Mie nimenyonyesha watoto watano," mama akasema. "Sijui titi? Sie tuliona siku ile ile ya kwanza. Mtoto kauliza, wewe unaangalia dari, jasho linakutoka. Nikasema nimwokoe mwalimu wa watu. Nikasema maandazi. Ukaitika. Basi tukajua hutaki litajwe, tukakuachia."

"Hata mie niliona," akasema Bi Salma kutoka mkekani, "na mie si wa dini yenu."

Katekista aligeuka akaniangalia mimi, mwenzake wa siri. Siri yetu ilikuwa ya watu wawili waliokuwa wakifichwa na mtaa mzima.

"Sasa miaka yote hii," akauliza, "kama mlijua, kwa nini mlikaanga?"

"Ulitaka tukaange nini?"

Uani pote palilipuka. Walicheka mpaka maandazi yaliyokuwa kwenye karai yakaungua, na Katekista naye alicheka, kisha kicheko kikageuka, akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyechoka kuwa jasiri peke yake. Mama alikwenda akamshika. Alipotulia alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua, "Naogopa, wenzangu. Naogopa sana."

"Tunajua," akasema mama. "Tangu ile chanjo."

"Nani atakwenda na mie?"

Tulikwenda wote. Bi Salma alitoa gari la mwanawe, waliobaki wakapanda bajaji. Wauguzi walitaka mtu mmoja wa kumsindikiza, wakapata kundi zima na harufu ya mafuta ya kukaangia. Sindano ilipokaribia, Katekista alifumba macho akaanza litania ya watakatifu kwa ile sauti yake isiyoshika njia. Mtakatifu Stefano. Utuombee. Mtakatifu Laurenti. Utuombee. Korido nzima ikawa inaitikia, hata waliokuja kutibiwa miguu iliyovunjika. Sijui ni watakatifu wangapi walihitajika. Muuguzi, dada aliyevaa hijabu, alikuwa amemaliza kazi yake zamani, akangoja afike mwisho, akasema amina.

Walimkata, wakamtibu, ilichukua muda mrefu na haikuwa rahisi. Tulikuwa na miezi ya kudhani tunampoteza. Baadaye mpwa wake, yule wa mtihani, alijenga Bunju, akamchukua akae naye. Jumuiya ikanikabidhi mimi kumtundika Agata. Namfunga kwenye khanga ile ile. Mama yangu hayupo tena, na karai lake ninalo mimi.

Mwaka huu sikukuu ilipofika niligawa mtaani mapema, nikafungasha yaliyobaki, nikaenda Bunju. Nilishuka kituoni, bodaboda ikanipitisha kwenye nyumba mpya ambazo bado zina nondo zinachungulia juu. Nilimkuta barazani, amekonda, nywele zimerudi nyeupe zote, raba nyeupe miguuni ingawa hakuwa na safari. Kabla sijakaa akaniuliza kama somo wangu hajambo. Nikamwambia hajambo, na kwamba tumeongea asubuhi wakati nakanda. Alifurahi, akasema nimekua.

Akaulizia habari za Temeke. Nikampa. Laurenti amefungua kijiwe cha pili. Bi Salma anaumwa miguu ila bado anagombana na wateja. Yule mlokole ana kanisa lake sasa, na kila Februari anatuma mtoto kuuliza maandazi yatakuwa tayari saa ngapi. Akacheka, akajishika kifua pale palipo bapa, si kwa maumivu, ni mazoea tu. Nilimtazama nikajisikia kulia kwa kumpenda.

Mpwa alileta sahani. Nilifungua mfuko, nikaweka mawili, ya duara, kama tulivyozoea mlango kwa mlango, nikamkabidhi. Aliishika kwa mkono mmoja, akaitazama. Kisha akachukua andazi moja, akalirudisha mfukoni.

"Mawili ni ya Agata," akasema. "Mie nimetoa moja. Usinipandishe cheo."

Akaliuma lile lililobaki, akatafuna, akasema hiliki imepungua.